Tangu Lini?

Leo tunazungumzia tezi, na ni vizuri tuanze kwa kulisafisha neno lenyewe, maana limebebeshwa mizigo mingi. Ukisema barazani kwamba fulani ana tezi, wazee watatazamana wakidhani unamaanisha tezi dume. Mama akisema mwanawe ana matezi, anamaanisha mitoki iliyovimba chini ya taya, au mafindofindo yanayomzuia kumeza. Tezi za leo ni nyingine. Ni zile zinazotengeneza homoni na kuzimimina moja kwa moja kwenye damu: pituitari, iliyo chini ya ubongo na ambayo haizidi punje ya njegere kwa ukubwa, thairoidi, iliyotanda mbele ya koo kama kipepeo, parathairoidi nne ndogo nyuma yake, adrenali mbili, zilizokaa juu ya figo kama kofia, kongosho, nyuma ya mfuko wa chakula, pamoja na ovari za mwanamke na korodani za mwanamume. Neno homoni liliingia katika tiba mwaka 1905, alipolitumia mtaalamu wa Uingereza, Ernest Starling, kuelezea kemikali ambazo kiungo kimoja hutuma kupitia damu ili kukiamrisha kiungo kingine. Katika maelezo hayo mafupi ndimo ulimo ugumu wote wa maradhi haya. Kiungo kinachotuma amri kikiharibika, mara nyingi hakiumi pale kilipo. Vinavyoteseka ni vile vilivyokuwa vikisubiri amri: moyo, ngozi, matumbo, mifupa, mfuko wa uzazi, hata usingizi na hasira za mtu.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Katika vyumba vyetu vya matibabu swali la kwanza huwa "Unaumwa nini?" na la pili "Wapi?" Ni maswali mazuri kwa jino, kwa jipu, kwa mguu uliovunjika. Kwa maradhi ya tezi hayafiki mbali, kwa sababu mgonjwa hana mahali pa kuonyesha kwa kidole. Tuchukue mwanamke ambaye thairoidi yake imepunguza kazi. Akilalamikia choo kigumu, atapewa dawa ya kulainisha. Akilalamikia unene, ataambiwa apunguze ugali. Ngozi yake kavu itapatiwa mafuta, hedhi yake nzito itapatiwa vidonge vya kuongeza damu, na huzuni yake itaitwa mawazo ya maisha. Nyumbani watasema amekuwa mvivu. Kila jibu lina sababu yake, na yote matano kwa pamoja ni kosa moja kubwa, kwa kuwa hakuna aliyeuliza kama mambo hayo matano yalianza pamoja. Swali linalofika kwenye tezi ni hili: "Umebadilika vipi, na tangu lini?" Nasema maradhi ya tezi hutambuliwa kwa kulinganisha. Mtu hulinganishwa na alivyokuwa juzi na jana, ndugu na ndugu yake, homoni ya asubuhi na ya usiku, tezi na bwana wake anayeiamrisha. Asiyelinganisha, hata akiwa na mashine za thamani, anatazama picha moja ya safari ndefu.

Historia ya thairoidi yenyewe inashuhudia hivyo. Katika karne ya 19, mjini Bern nchini Uswisi, daktari mpasuaji Theodor Kocher alikuwa bingwa wa kuondoa rovu, ule uvimbe wa shingo ambao wengine huuita goita. Mabonde ya milima ya Alps yalijaa watu wenye rovu, na Kocher aliwapasua kwa ustadi uliowashangaza wenzake. Jeraha lilifunga, mgonjwa akaruhusiwa, na kwa hesabu za hospitali huyo alikuwa amepona. Kisha zikamfikia habari za msichana aliyempasua mwaka 1874 akiwa na umri wa miaka 11. Kabla ya upasuaji, msichana huyo na mdogo wake walifanana hata watu wakawachanganya. Miaka ilipopita, mdogo alikua akawa mwanamwali, na mkubwa akabaki mfupi, mzito wa mwili na mzito wa fikra. Kocher akawaita wagonjwa wake wa zamani awaone upya, na mwaka 1883 akatangaza alichokikuta: wengi wa wale aliowaondolea tezi yote walikuwa wamezorota polepole kwa namna ile ile. Hakuna kipimo cha damu kilichomwambia, maana hakikuwepo. Aliambiwa na ndugu wawili waliosimama bega kwa bega, na akawa na ujasiri wa kuamini kuwa mkono wake hodari ndio ulioleta madhara. Uchunguzi wake kuhusu thairoidi ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Kabla ya hapo, mwaka 1891, George Murray wa Newcastle, Uingereza, alikuwa amemdunga mwanamke mmoja aliyezorota kwa ukosefu wa homoni hiyo maji yaliyotolewa kwenye thairoidi ya kondoo. Mwanamke huyo aliishi miaka 28 zaidi.

Najua kuna msikilizaji anayetikisa kichwa. Atasema: uchovu, unene, usingizi mbaya, hedhi kuyumba, nani hana hayo katika maisha haya? Tukimshuku kila mchovu, si tutapima mji mzima? Pingamizi hilo lina uzito, na daktari anayeiona tezi mbovu katika kila uchovu atajaza maabara bure. Jibu lake ni kwamba dalili moja haitoshi. Zinazotafutwa ni dalili kadhaa zinazoelekea upande mmoja, hasa zile zinazopingana na mazoea ya mwili. Anayekosa hamu ya kula akikonda, hatushangai. Anayemaliza sahani mbili na bado mkanda unalegea anatuambia jambo jingine, na akiongeza kwamba moyo humwenda mbio hata akiwa amelala, kwamba anajifunua shuka usiku wenzake wanapojifunika, kwamba mikono inamtetemeka na macho yametokeza, basi thairoidi iliyozidisha kazi inagonga mlango. Hapa kwetu kukonda kumewahi kusomwa haraka haraka kama alama ya ukimwi, na wapo waliotengwa na majirani kabla hata hawajapimwa chochote. Vivyo hivyo anayekonda huku akinywa maji mtungi kwa mtungi na kuamka kila mara kwenda haja ndogo: mwelekeo wake ni kisukari, na tone la damu kidoleni linatosha kuanza kulijibu swali. Dalili ya mvua ni mawingu, wahenga walisema. Lakini mkulima hapandi kwa kuona wingu moja. Anatazama upepo unatoka wapi, na mawingu yanakusanyika upande gani.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka katika chumba cha kujifungulia. Mwaka 1937 daktari Harold Sheehan wa Uingereza alieleza jinsi mama anayemwaga damu nyingi sana wakati wa kujifungua anavyoweza kupoteza sehemu ya pituitari. Tezi hiyo hukua wakati wa ujauzito na kuhitaji damu nyingi zaidi; presha ikianguka ghafla, hukosa damu na kufa. Mama anaokolewa, mtoto anaokolewa, wote wanarudi nyumbani kwa vigelegele. Kisha maziwa hayatoki. Hedhi hairudi mwaka huo wala unaofuata. Nywele za kwapani zinapotea, baridi inamsumbua, nguvu zinamwishia, anaanguka akisimama. Mwingine atamwambia ana chango, mwingine atamwambia amerogwa na mke mwenziwe, na mumewe atasema amezeeka kabla ya siku zake. Yote haya yanaweza kuendelea miaka mingi, na kila safari ya hospitali anatibiwa kitu kimoja kimoja. Swali la "wapi panauma" haliwezi kumfikisha popote. Swali la "tangu lini" linafungua kila kitu, kwa sababu jibu lake ni moja: tangu uzazi ule wa damu nyingi. Katika nchi ambazo kutokwa damu wakati wa kujifungua bado kunaua mama zetu, ni busara kukumbuka kwamba baadhi ya waliookoka wametoka na jeraha lisiloonekana.

Kulinganisha kuna faida nyingine kwetu sisi wenye ngozi nyeusi. Mwaka 1855 Thomas Addison wa hospitali ya Guy's jijini London aliandika juu ya wagonjwa 11 walioishiwa nguvu, wakakosa hamu ya kula, wakakonda, na ngozi zao zikageuka rangi. Adrenali zao zilikuwa zimeharibika, na kwa baadhi yao mharibifu alikuwa kifua kikuu, ugonjwa ambao hadi leo tunaishi nao. Vitabu vilivyoandikiwa watu weupe vinasema ngozi huwa ya kahawia, kana kwamba mtu ametoka ufukweni. Sasa daktari akisubiri kuona hivyo kwa mgonjwa wa Kigoma au wa Kisumu, atasubiri sana. Weusi huo inabidi utafutwe kwenye mistari ya viganja, kwenye fizi na ndani ya mashavu, kwenye makovu mapya, kwenye vifundo vya vidole. Na kwa kuwa wapo watu wenye fizi nyeusi tangu kuzaliwa, swali linarudi pale pale: zilikuwa hivi mwaka juzi? Ndugu zako wana fizi kama hizi? Mke au mama wa mgonjwa mara nyingi analijua jibu kabla ya daktari. Hata picha ya kitambulisho ina kazi hapa. Mtu ambaye pituitari yake inatoa homoni ya ukuaji kupita kiasi hunenepa pua, taya na viganja kidogo kidogo kwa miaka, na wanaokaa naye kila siku hawaoni. Pete isiyoingia tena kidoleni, kiatu kilichopanda namba ukubwani, na picha ya miaka kumi iliyopita ikiwekwa kando ya uso wa leo, ni ushahidi ambao haukugharimu hata senti.

Mtu anaweza kudhani kwamba kulinganisha ni kazi ya mazungumzo tu, na kwamba tukifika maabara namba zitasema zenyewe. Hazisemi. Maabara nayo inalinganisha, na asiyelijua hilo atadanganywa na karatasi yenye muhuri. Chukua kipimo cha TSH, ambacho ndicho cha kwanza kuombwa thairoidi ikishukiwa. TSH ni amri ya pituitari kwenda kwa thairoidi. Homoni ya thairoidi ikipungua, pituitari hupaza sauti, na TSH hupanda. Homoni ikizidi, pituitari hunyamaza, na TSH hushuka. Ni mpango mzuri, na kwa wagonjwa wengi TSH moja hujibu swali lote. Lakini TSH ni sauti ya bwana, na bwana naye huugua. Yule mama aliyepoteza pituitari kwenye uzazi anaweza kuwa na TSH inayoonekana ya kawaida, kwa sababu aliyepaswa kupiga kelele amekufa. Atakayesoma namba hiyo peke yake atamwambia mama tezi yako haina neno. Atakayeiweka kando ya T4, homoni ya thairoidi yenyewe, ataona mtumishi amelala na bwana hasemi kitu, na hapo hapo atajua kosa liko juu. Na jambo hili lina uzito wa uhai: mgonjwa aliyekosa homoni ya adrenali na ya thairoidi kwa pamoja akianzishiwa ya thairoidi kabla ya ile ya adrenali, anaweza kuporomoka. Mpangilio wa tiba unategemea mpangilio wa kufikiri.

Kortisoli, ambayo ni homoni ya adrenali, inafundisha somo lile lile kwa saa ya ukutani. Hupanda kuelekea alfajiri, huwa juu asubuhi, na usiku wa manane hushuka kabisa kwa mtu mzima wa afya. Kwa hiyo namba iliyoandikwa bila kusema damu ilichukuliwa saa ngapi ni kama kumweleza mtu kwa kusema yupo barabarani bila kusema anakwenda au anarudi. Wataalamu wa tezi wamejiwekea kanuni nyepesi kukumbuka: kinachoshukiwa kupungua huchokozwa, kinachoshukiwa kuzidi huzimwa. Adrenali ikidhaniwa imechoka, mgonjwa hudungwa homoni ya kuiamsha, na damu hupimwa kabla na tena baada ya dakika 30. Tezi nzima itaitika, mbovu itabaki kimya. Kortisoli ikidhaniwa kuzidi, mgonjwa hupewa miligramu 1 ya deksamethasoni, dawa ya jamii ya kortisoli, saa tano usiku, na asubuhi yake saa mbili hupimwa. Tezi ya kawaida itakuwa imetii na kunyamaza, ya kiburi itaendelea kumimina. Ona, msikilizaji, kwamba hata hapa hatuulizi tu namba ni ngapi. Tunauliza namba imebadilika vipi baada ya kuguswa.

Na kabla ya kipimo chochote cha kortisoli, Afrika Mashariki tuna swali la lazima: unameza nini, na unapaka nini? Prednisoloni na deksamethasoni hununuliwa dukani kama pipi, kwa pumu, kwa maumivu ya viungo, kwa kutafuta mwili. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina klobetasoli, dawa ya nguvu ya jamii hiyo hiyo, nayo hupenya ngozini mpaka kwenye damu. Mtumiaji huvimba uso ukawa wa mviringo, tumbo likatoka huku miguu ikikonda, michirizi ikatokea, presha na sukari vikapanda. Ukimpima kortisoli unaweza kuikuta iko chini, na asiyeuliza atachanganyikiwa: umbo linasema homoni imezidi, maabara inasema imepungua. Ukweli ni kwamba mwili umejaa dawa inayofanana na kortisoli, na adrenali zimeona hazina kazi zikalala. Ndiyo maana mtu wa namna hiyo hatakiwi kuacha dawa kwa ghafla akiwa peke yake. Anaweza kukosa homoni siku ile mwili unapoihitaji zaidi. Swali hili liulizwe faraghani na bila kebehi. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini mara nyingi mgonjwa anaficha kwa sababu tumemtisha kwa macho kabla hajafungua mdomo.

Namba zina njia nyingine za kudanganya. Bayotini ni vitamini inayouzwa kwa wingi kwa ajili ya nywele na kucha, na kwa dozi kubwa inaweza kuvuruga baadhi ya mashine za maabara hata TSH ikasomeka ya chini na T4 ikasomeka ya juu, kama vile thairoidi imewaka moto, ilhali haina lolote. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu na ambacho kwa asilimia 6.5 au zaidi huashiria kisukari, hutegemea umri wa chembe nyekundu za damu. Mwenye selimundu, au aliyepungukiwa damu, chembe zake hazifuati kalenda ya kawaida, na kipimo kinaweza kumpa moyo asiostahili. Katika nchi zenye selimundu nyingi kama zetu, hilo si jambo la kuwekwa pembeni. Namba ya maabara inapaswa kulinganishwa na mtu aliyeketi mbele yako. Vikipingana, rudi uulize kabla ya kumtibu karatasi.

Sasa nifike kwenye pingamizi ambalo huvaa suti. Linasema: haya maswali ni ya zamani, leo kuna altrasaundi, CT na MRI, kwa nini tusimpige mtu picha za mwili mzima tukamaliza? Korea Kusini imetupa jibu kwa gharama kubwa. Baada ya uchunguzi wa saratani kuenea huko kuanzia mwaka 1999, watu wengi wasio na dalili yoyote walipimwa shingo kwa altrasaundi. Mwaka 2011 saratani ya thairoidi ilikuwa inagunduliwa mara 15 ya ilivyokuwa mwaka 1993. Ungetarajia vifo vipungue. Havikutikisika. Picha zilikuwa zimeokota vivimbe vidogo ambavyo wengi wangeishi navyo hadi uzeeni bila kuvijua, na wengi wa watu hao wakaondolewa tezi yote, wakabaki na kidonge cha kila siku. Pituitari na adrenali nazo huwa na vivimbe vya namna hiyo visivyo na hatia. Ndiyo maana utaratibu ni dalili kwanza, homoni ya pili, picha ya mwisho. Picha inasema kitu kiko wapi, na haina maana kuuliza kilipo kabla ya kujua kama kipo. Upande wa pili wa sarafu hiyo ni yule muuzaji wa mtandaoni anayemwambia kila mwanamke kwamba homoni zake zimevurugika, kisha anamtumia chupa ya majani kwa bodaboda. Muulize tu: homoni ipi, imepanda au imeshuka, imelinganishwa na nini? Homoni zilizovurugika bila jina ni kama mwizi asiye na sura. Unaweza kumkamata yeyote.

Pingamizi jingine ni la kweli zaidi na linatoka kwa watu wanyenyekevu. Wanasema: zahanati yetu haina mashine ya homoni, daktari bingwa wa tezi yuko mji mkuu, sasa maneno haya ni ya nani? Nasema ni ya zahanati kuliko ya mji mkuu. Mzani upo, na kadi za miaka iliyopita zina uzito ulioandikwa. Kipimo cha presha kipo. Presha ya mtu akilala ikilinganishwa na ya akisimama inaweza kumwonyesha yule ambaye adrenali zake zimeshindwa. Glukomita zimeenea, na bado takwimu za Shirikisho la Kimataifa la Kisukari za mwaka 2021 zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika walikuwa hawajui kuwa wanacho. Na kulinganisha kumewahi kutatua fumbo kubwa katikati ya Ziwa Kivu. Katika kisiwa cha Idjwi, upande wa Kongo, watafiti wa miaka ya 1960 walikuta madini joto yamepungua kisiwa kizima, lakini rovu limejaa kaskazini na ni haba kusini-magharibi. Kama tatizo lingekuwa madini joto peke yake, pande zote zingeugua sawa. Tofauti iliwaongoza kwenye muhogo: sumu iliyobaki ndani yake, mwili unapoivunja, huacha kemikali inayoizuia thairoidi isijipatie yale madini joto machache yaliyopo. Fumbo hilo lilifunguliwa na mtu aliyeuliza mbona kule hawana. Mhudumu anayeandika kwenye rufaa "anakonda huku akila, tangu Machi, moyo mapigo 120" ameshafanya nusu ya kazi ya bingwa, na damu itakayosafirishwa kwenda maabara ya mbali itasafiri ikiwa na swali.

Hoja yangu ina mipaka, na haki ni kuitaja. Mpaka wa kwanza ni mtoto mchanga. Huyu hana jana ya kulinganishwa nayo. Takriban mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 huzaliwa na thairoidi isiyofanya kazi ya kutosha, na wengi wao huonekana wazima siku ya kuzaliwa kwa sababu bado wanatumia homoni za mama. Ikisubiriwa dalili ijitokeze, akili imeshaumia. Wakianza dawa ndani ya wiki mbili za mwanzo, wengi hukua kama wenzao. Ndiyo sababu nchi nyingi, zikifuata njia iliyoanzia Quebec nchini Kanada katika miaka ya 1970, huchukua tone la damu kisiginoni kwa kila mtoto, na sisi tuna kila sababu ya kudai hilo kwa watoto wetu. Hapa kupima wote ni sahihi kwa sababu ambayo haikuwepo katika kupiga picha shingo za wote: kuna madhara ya hakika yanayozuilika, na hakuna njia nyingine ya kuyajua. Mpaka wa pili ni dharura. Mtoto anayetapika, anayehema kwa kina na haraka, aliyekuwa akinywa maji sana siku zilizotangulia, apimwe sukari papo hapo kabla hajaitwa mwenye malaria na kutundikiwa dripu ya glukosi. Na mgonjwa ambaye adrenali zake zinashukiwa kushindwa, presha imeanguka na fahamu zinapotea, hadungwi haidrokotisoni baada ya majibu kurudi. Damu ichukuliwe ikiwezekana, dawa iingie mara moja. Kulinganisha ni kwa ajili ya kumwokoa mtu, na pale kunapomchelewesha kumepoteza kazi yake.

Nje ya mipaka hiyo, maradhi ya tezi yanaendelea kuingia hospitalini yakiwa yamevaa nguo za maradhi mengine, na yanaendelea kutoka bila kutambuliwa kwa sababu kila anayeyatazama anayatazama kwa siku moja. Wenye siku zote ni mgonjwa mwenyewe na wanaoishi naye. Kwa hiyo, msikilizaji, ukienda kliniki kwa jambo ambalo halina mahali pa kuonyesha kwa kidole, chukua karatasi uandike mambo matatu: nini kimebadilika, kilianza mwezi gani, na unameza au kupaka nini. Mama aandike pia uzazi wake wa mwisho ulikwendaje, na kama maziwa yalitoka. Weka na picha ya zamani mfukoni. Nawe tabibu, foleni ni ndefu na tunajua. Lakini swali la "tangu lini" lina maneno mawili tu, na anayelijibu huenda amekuwa akisubiri miaka mtu amuulize.